Maalim Aingia Chuoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Neno chuo katika Kiswahili chetu lina maana zaidi ya moja. Wazee wetu walikiita chuo kile kitabu chenyewe, wakapaita chuo pia pale mahali watoto wanaposoma Kurani, na mtoto aliyekhitimu walisema ametoka chuoni. Kijana wa leo ukimtajia chuo hafahamu hayo. Yeye hufikiri jengo lenye madirisha ya vioo, ada na cheti. Basi mimi, ndugu msomaji, nimekaa chuoni kwa ile maana ya wazee tangu nilipokuwa na miaka 6. Kwanza juu ya mkeka mbele ya maalim wangu, khalafu juu ya mkeka mbele ya wanafunzi wangu. Ama chuo kwa maana ya vijana, sikupata kukitia mguu mpaka ndevu zilipokwisha kuingia mvi. Katika skuli za serikali mwisho wangu ni darasa la 7. Khabari ninayotaka kuwaeleza ni ya wiki 12 nilizokaa katika chuo hicho cha pili, na jambo ambalo nilikwenda kulitafuta huko kwa ajili ya madrasa, nikalikuta limelala nyumbani kwangu.

Madrasa yetu iko Ngamiani, hapa Tanga. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, na aghalabu ya wazazi huilipa pale wanapojaaliwa. Mabati ya paa yalikuwa yametoboka, na mvua za masika zikija huwakusanya watoto wote katika pembe moja, wenye Alif na wenye Baqara pamoja. Kila mwaka tulikuwa tukipita misikitini baada ya sala ya Ijumaa kuomba msaada. Siku moja mzee mmoja wa kamati akasema, "Tumekuwa kama watu wa kuombaomba, na huku tunawasomesha watoto kuwa mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini." Hakuna aliyeweza kumjibu. Wakati huo chuo kimoja cha ufundi mjini kilikuwa kimetangaza mafunzo ya ujasiriamali bila malipo, asubuhi, siku tatu kwa wiki. Kamati ikaamua tuanzishe mradi, na maalim ndiye aende akajifunze, maana asubuhi watoto wako skuli naye yu huru. Nikakubali kwa ulimi. Moyoni nilichukia.

Nilichukia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni neno lenyewe. Ujasiriamali ni neno jipya, nami nikilipasua hupata jasiri na mali, nikadhani ni ujasiri wa kuivamia mali kama simba avamiavyo zizi. Ya pili, na hii ndiyo ya kweli zaidi, ni kiburi. Nilijiuliza vipi nitaketi katika dawati pamoja na vijana niliowashikisha kijiti cha kuandikia kwa mikono yangu. Na kweli, siku ya kwanza nilipoegesha baisikeli na kuingia darasani, vijana watatu waliopata kuwa wanafunzi wangu waliinuka, wakaniamkia, wakanipisha mbele. Mwalimu wetu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Akaniambia, "Shikamoo, maalim, karibu." Nikamwitikia marahaba, nikaketi huku masikio yananiwaka.

Binti yule alianza kwa kutuuliza kila mmoja anafahamu nini kwa neno ujasiriamali. Zamu yangu ilipofika nikatoa hotuba. Nilieleza kuwa rizki imekwisha kugawanywa na Mwenyezi Mungu, kwamba hakuna mnyama atambaaye ardhini ila rizki yake iko kwa Mola wake, na kwamba mja hapaswi kuhangaika kupita kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Khalafu akasema, "Maalim, hayo ni haki, na sote tumeyaamini. Rizki ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi leo naomba hesabu ya unga tu." Darasa zima likacheka. Nilirudi nyumbani nikiendesha baisikeli kwa ghadhabu, nikiwa nimeazimia kutorudi. Kilichonirudisha ni haya ya kwenda kuiambia kamati kuwa nimeshindwa na binti.

Nilipotulia na kusikiliza, niliona kuwa mafunzo yale hayakuwa na uvamizi wowote. Kiini chake kilikuwa maswali matatu aliyoyaandika ubaoni na ambayo hakuyafuta mpaka siku tulipoagana. Una nini mkononi mwako? Watu walio karibu nawe wana haja ya nini? Na ikiwa itaingia khasara, unaweza kustahimili kiasi gani? Alisema mtu anayejiuliza maswali haya kila siku, akaandika majibu yake, huyo ndiye mjasiriamali hata kama anauza karanga, na asiyejiuliza si mjasiriamali hata kama ana duka la ghorofa mbili. Tulijifunza tofauti ya mtaji na faida, tofauti ya mauzo na mapato, na namna ya kuijua gharama ya kitu kimoja kabla ya kukitia bei. Nikaona aibu kidogo, kwa sababu hesabu ya mirathi naijua, thumuni na sudusi nazigawa bila kalamu. Lakini hesabu ya maiti naiweza, na hesabu ya walio hai katika nyumba yangu sijapata kuifanya.

Katika wiki ya tatu akatupa kazi. Kila mmoja achukue daftari, aandike kwa siku 14 mapato na matumizi ya biashara moja anayoijua. Asiye na biashara achukue ya mtu wa nyumbani kwake. Mimi sikuwa na biashara. Mama watoto wangu huuza vitumbua asubuhi barazani, kila siku isipokuwa Ijumaa, na ameifanya kazi hiyo kwa miaka 19. Nikamwomba ruhusa ya kuandika hesabu yake. Akacheka, akasema, "Maalim, leo utaandika vitumbua?" Kisha akaanza kutaja bila ya kusita hata kidogo, kwa maana alikuwa nayo yote kichwani.

Mchele kilo 3, shilingi 7,500. Nazi 3, shilingi 3,000. Sukari kilo moja, 3,000. Mafuta, 3,000. Hamira na iliki, 1,000. Mkaa, 2,500. Jumla shilingi 20,000. Vitumbua 150 kwa shilingi 200 kila kimoja ni shilingi 30,000. Basi faida ya siku ni shilingi 10,000, na kwa siku 12 za kazi katika zile 14 ni shilingi 120,000. Nilipoiona jumla hiyo nilishangaa, kwa kuwa sikuwa na habari kuwa katika nyumba yangu kunaingia fedha kiasi hicho. Nikamuuliza, "Na hizo fedha ziko wapi?"

Akanitazama kidogo. Akasema, "Hayo mengine usiyaandike, Maalim." Nikamwambia mwalimu ametaka yote. Akasema, "Kwani mtu huandika alichompa mumewe?"

Wallahi, maneno yale yaliniingia kama baridi. Nikashikilia, akayataja moja moja naye ameinamisha kichwa, anapepeta mchele. Kitoweo cha siku zote zile, shilingi 52,000. Umeme, 15,000. Maji, 12,000. Dawa ya kifua changu, 10,000. Deni langu katika duka la jirani, 20,000. Mchango wa harusi niliouahidi mimi mbele ya wanaume wenzangu, 20,000. Fedha ya kutia katika simu yangu, 5,000. Jumla shilingi 134,000. Posho yangu ya madrasa ilikuwa imekwisha siku ya nne. Faida ya mke wangu ilikuwa 120,000, nami nilikuwa nimekula 134,000; ile 14,000 iliyozidi niliila katika mtaji wenyewe. Ndipo nikafahamu kwa nini baadhi ya siku alikuwa akichukua mchele kwa mkopo dukani, kilo kwa shilingi 2,800 badala ya 2,500. Nilikuwa nikidhani ni uzembe wa kupanga. Sikuizidisha hesabu ile kwa miaka 19. Niliogopa jawabu lake.

Usiku huo sikulala. Mimi ndiye ninayewasomesha vijana fiqhi ya ndoa kabla hawajaoa. Mimi ndiye ninayewaambia kuwa nafaka ni juu ya mume. Kwamba mali ya mke ni yake peke yake, awe tajiri au masikini. Kwamba katika Suratun Nisaa, aya ya 32, wanawake wamewekewa fungu lao katika walichokichuma kama wanaume walivyowekewa lao. Na kwamba katika aya ya 4 ya sura hiyo hiyo, hata mahari hayawi halali kwa mume kuyala ila mke aridhie kwa moyo wake. Haya yote nimeyasema kwa miaka 30, na bakuli la vitumbua liko nyuma ya mgongo wangu.

Kukipambazuka, baada ya sala ya Alfajiri, nilimuuliza. Nikamwambia, "Mama, hizi fedha ulikuwa ukizitoa kwa ridhaa ya moyo wako, au kwa kuogopa nyumba isiumbuke?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hukupata kuniuliza, Maalim." Hakusema kwa hasira, na heri angalisema kwa hasira. Akaendelea, "Nimekusamehe yaliyopita, duniani na akhera. Ila nilitamani siku moja ninunue mchele kwa gunia, na karai la pili. Lakini mtaji wangu haulali. Kila nikiulaza, asubuhi haupo."

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja akilini mwangu hadithi moja ambayo nimeisimulia mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Bila shaka nanyi mnaijua. Mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu chochote. Akasema yapo matandiko, baadhi yake hujifunika na baadhi huyatandika, na kiko chombo cha kunywea maji. Mtume akaamrisha viletwe, akavinadi kwa masahaba, mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akataka wa kuzidisha, mwingine akavichukua kwa dirhamu mbili. Akampa yule mtu dirhamu zote mbili, akamwambia moja anunue chakula awapelekee watu wa nyumbani kwake, na ya pili anunue shoka. Alipoleta shoka, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni auze, na asimwone kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu 10.

Hadithi hii siku zote mimi huitolea funzo moja, nalo ni ubaya wa kuomba. Ni funzo la haki. Lakini kwa miaka 30 sikupata kutazama kuwa dirhamu zilikuwa mbili, na kila moja ilipewa kazi yake. Moja ni ya chakula, na moja ni ya shoka. Mtume (S.A.W.) hakumwachia azichanganye. Kama yule mtu angalizila zote mbili siku ile, nyumba yake ingalishiba mara mbili, na siku ya tatu angalirudi kuomba. Mimi nilikuwa nikilila shoka la mke wangu kila siku, khalafu nikasimama mbele ya watoto kusifu kazi ya mkono.

Hata ule muda ulinishangaza. Mtume alimpa mtu yule siku 15 ndipo aje na hesabu, na binti wa chuoni alitupa siku 14. Sisemi kuwa binti yule alikusudia hivyo. Nasema kuwa elimu ya haki haina ugeni kwetu. Mara nyingi ni mali yetu tuliyoiacha barazani, akaja mwingine akaiokota na kuipangusa vumbi. Si Mola wetu aliyetuamrisha kuandika deni, katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara? Na hesabu ya biashara haizidi hapo: kuandika, kushuhudisha, na kutomdhulumu mtu hata kwa kitu kidogo.

Nilirudi chuoni siku iliyofuata, nikamwonyesha mwalimu daftari. Alilisoma mpaka mwisho, asiseme neno juu ya mambo ya nyumbani kwangu. Akanyoosha kidole ubaoni, kwenye swali la kwanza. "Sasa na wewe, maalim. Una nini mkononi mwako?"

Nilitaka kusema sina kitu. Kisha nikakumbuka sanduku. Katika pembe ya madrasa yetu liko sanduku la misahafu na juzuu zilizochanika, majalada yamekwisha kutoka, kurasa zimelegea, hatuwezi kuzisomea wala hatuthubutu kuzitupa. Sanduku kama hilo liko karibu katika kila madrasa na kila msikiti niujuao. Nami katika ujana wangu maalim wangu alinifundisha kujalidi: kushona kurasa kwa sindano na uzi uliopakwa nta, kutia gundi mgongoni, kukata kadibodi, kuivika kitambaa. Kazi hii sikuifanya kwa miaka mingi kwa kuwa sikuidhania kuwa ni kazi. Kumbe mkononi nilikuwa na sindano, na watu walikuwa na haja.

Kamati ilitoa shilingi 100,000 kuwa mtaji. Tukapatana kwa njia ya mudharaba, yaani mwenye mali hutoa mali, mwenye kazi hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa mapatano. Ikiingia khasara, hupotea mtaji wa mwenye mali na jasho la mwenye kazi, isipokuwa mwenye kazi akizembea, hapo khasara ni juu yake. Hii ndiyo njia aliyoijua Makka hata kabla ya kupewa Utume Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), alipochukua mali ya Bibi Khadija (R.A.) kwenda kuifanyia biashara Sham, pamoja na Maisara. Kujalidi msahafu mmoja kulinigharimu shilingi 1,200 za vifaa. Mwanzoni niliona haya kutaja bei, nikisema ni kitabu cha Mwenyezi Mungu. Binti yule akaniuliza, "Maalim, unauza Kurani au unauza uzi na kazi yako?" Nikaweka shilingi 3,000. Faida 1,800, nusu ya madrasa na nusu yangu. Mwezi uliotengemaa hufikia misahafu 40, basi kila upande hupata shilingi 36,000. Si nyingi, lakini ni za halali na zina daftari.

Lisije likadhaniwa kuwa mambo yalinyooka tu. Katika mwezi wa pili nilinunua gundi rahisi ili nizidishe faida. Joto na unyevu wa pwani yetu mnaujua. Baada ya wiki chache ikaletwa misahafu 11 migongo yake imefunguka kama midomo ya samaki. Mjumbe mmoja wa kamati, kwa kunionea huruma, akasema khasara ile itoke katika mtaji wa madrasa. Nafsi yangu ilipenda. Lakini gundi niliichagua mimi, nami nilijua kuwa ni dhaifu. Nikakumbuka yule muuza nafaka wa Madina ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo lake akakuta chini pamelowa, akamuuliza kwa nini hakuweka iliyolowa juu watu waione. Nikamkumbuka na Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri mjini Kufa huku ni bahari ya elimu. Inasimuliwa kuwa mshirika wake alipouza nguo yenye dosari bila ya kumwonyesha mnunuzi, Imamu aliitoa sadaka thamani yote. Basi nikaifumua misahafu yote 11, nikaijalidi upya, na shilingi 13,200 za vifaa zikatoka katika fungu langu. Mwezi ule nilikula dagaa zaidi kuliko changu. Lakini wenye misahafu ile ndio walionitangazia kazi katika misikiti mingine.

Jambo moja la chuoni lilinifanya nisimame kupinga, nami naona ni wajibu kulitaja. Siku moja aliletwa mtu kutoka kwa wakopeshaji, akatueleza kuwa mjasiriamali asiyekopa hakui, akagawa karatasi za mikopo yenye riba. Vijana wakazichukua kwa furaha. Nikamwambia mwalimu kwa heshima kuwa mimi nimefuata nyayo zake mpaka hapo, na hapo sitavuka, maana Mola wetu amehalalisha biashara na akaharamisha riba. Hapa mitaani kwetu watu wameipa baadhi ya mikopo hiyo jina la kausha damu, na jina limefanana na kitu chenyewe. Nimewaona akina mama wakinyang'anywa makochi na magodoro mbele ya watoto. Binti yule hakunibishia. Alisema mlango si mmoja, nasi tukaitumia saa nzima kuitafuta milango mingine. Ziko benki zinazofuata sharia, kama Amana hapa Tanzania tangu mwaka 2011. Iko mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo kwa sheria haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Na juu ya yote uko ushirika wa mudharaba na kukopeshana kwa wema baina ya jamaa, jambo ambalo tumeliacha kwa sababu hatuandiki, na tusipoandika hugombana.

Ama nyumbani, tumeweka vikopo viwili vya bati. Kimoja ni cha chakula na kimoja ni cha shoka. Cha shoka ni cha mama watoto, na ufunguo wa sanduku lake uko katika kanga yake. Nafaka naitoa mimi kwa fungu langu la kujalidi na posho ya madrasa, na isipotosha hupunguza matumizi yangu, si mtaji wake. Michango ya harusi siahidi tena mbele ya watu fedha nisiyokuwa nayo. Zipo siku bado napungukiwa, nami humwomba. Akiridhia, huandika katika ukurasa wake, na juu ya ukurasa huo ameandika kwa mkono wake neno sadaka. Kwani Bibi Zainabu, mke wa Ibn Mas'ud (R.A.), alikwenda kuuliza kama inamfaa kumpa mumewe katika mali yake, na jawabu la Mtume (S.A.W.) lilikuwa kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Tazama, ndugu yangu: haiwi sadaka ila ikiwa kwanza imekubaliwa kuwa ni mali yake.

Ilimchukua miezi 5 kulaza mtaji wake mpaka akanunua gunia la kwanza la kilo 100 kwa shilingi 220,000. Siku lilipoteremshwa alilizunguka mara mbili, akalipiga kofi kama mtu apigaye mgongo wa mtoto mnene, akaingia jikoni bila ya kusema kitu. Karai la pili lilifuata. Upande mmoja wa paa la madrasa umeezekwa upya, na upande wa pili tunangojea insha Allah. Wanafunzi wawili wakubwa nawafundisha kujalidi, na sharti la kwanza ninalowapa, kabla ya sindano, ni daftari.

Enyi vijana wetu, msifikiri kuwa tawakuli ni kukaa. Mtume wetu alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira, na Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina mikono mitupu, naye akapewa na ndugu yake wa Kiansari nusu ya mali, alimwombea baraka, akataka aonyeshwe soko liko wapi. Wala msifikiri kuwa ujasiri ni kuthubutu kutumia mali ya mwenzio. Na nyinyi akina baba, mnaosoma gazeti hili baada ya chakula cha usiku, kabla ya kutafuta mtaji mjini, ulizeni kwanza chakula mlichokula kimetoka katika mtaji wa nani. Ulizeni kwa upole, na mjiandae kulisikia jawabu.

Binti yule wa chuoni tulipoagana alinishika mkono kwa macho tu, kwa adabu ya dini yetu, akasema, "Maalim, tumejifunza kwako." Nilimwambia si kweli, mimi ndiye niliyejifunza, naye ni maalim wangu, ijapokuwa ni mwanangu. Yule aliyenifundisha Alif amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huyu aliyenifundisha hesabu ya unga, Mwenyezi Mungu ampe umri mrefu na amjaze kheri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.